Mlango wa Lemaire: majina ya nchi isiyo na wenyeji

Katika kozi ya toponimia mwaka huu, kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua karatasi moja ya ramani, kunukuu majina hamsini yaliyomo, na kueleza kila jina lilitolewa na nani, lini, na linamwambia nini mtu anayelitumia. Wenzangu walichukua ramani za kwao: Kasenga, Kongolo, Moba, Manono. Mimi nilichukua pwani ya magharibi ya Rasi ya Antaktika, ule mkono mrefu wa bara la kusini unaonyooka kuelekea Amerika ya Kusini. Walinicheka, na walikuwa na haki. Sababu yangu ilikuwa uvivu. Nilifikiri kwamba bara ambalo halijawahi kuwa na wenyeji halina lugha ya zamani iliyofukiwa chini ya majina mapya, halina wazee wa kuhojiwa, wala ugomvi juu ya jina lipi ndilo la kweli. Majina yake yatakuwa vibandiko tu, kama namba za nyumba.

Sikufika mbali katika orodha yangu kabla ya kukutana na jina la mtu niliyekwisha kumsoma katika historia ya Katanga.

Makala haya yametokana na zoezi hilo. Hoja yangu ni kwamba mahali pasipo na wenyeji panaonyesha waziwazi kazi inayofanywa na jina la mahali, kwa kuwa hapo hakuna kitu kingine cha kuifunika kazi hiyo. Kisha nitarudi kwenye ramani zetu, maana ndiko tunakofanya utafiti.

Orodha ya Belgica

Meli iliyoitwa Belgica iliondoka Antwerp Agosti 1897, ikiongozwa na Adrien de Gerlache, luteni wa jeshi la majini la Ubelgiji. Ndani yake walikuwamo Wabelgiji na Wanorwe, wanasayansi kutoka Poland na Romania, daktari Mmarekani Frederick Cook, na Roald Amundsen, ambaye mwaka 1911 angekuwa mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini. Januari na Februari 1898 walipita katika mlango wa bahari ambao ramani za wakati ule hazikuwa nao, wakashuka nchi kavu mara ishirini hivi, wakapima, wakachora na kupiga picha. Baadaye walikwenda kusini zaidi, na kuanzia Machi 1898 meli ilinaswa na barafu ya bahari kwa muda wa mwaka mmoja. De Gerlache aliuita ule mlango kwa jina la meli yake. Leo unaitwa kwa jina lake mwenyewe.

Tuyatazame majina waliyoyaacha. Visiwa viliitwa Brabant, Anvers, Liège na Gand, yaani mikoa na miji ya nyumbani. Milima ya Solvay ilipewa jina la Ernest Solvay, tajiri wa viwanda aliyetoa fedha za safari. Milima ya Osterrieth ni ya mama mmoja wa Antwerp ambaye naye alichangia. Mlango wa Errera ni wa profesa wa Chuo Kikuu cha Brussels. Ghuba ya Wilhelmina ni ya malkia wa Uholanzi. Kisiwa cha Wiencke kinamkumbuka baharia kijana aliyechukuliwa na bahari Januari 1898, na Pwani ya Danco inamkumbuka afisa Émile Danco, aliyefariki melini Juni mwaka huohuo, katika ile miezi ambayo jua halichomozi kabisa.

Halafu kuna Mlango wa Lemaire. Ni njia ya maji ya kilometa 11 hivi, nyembamba, kati ya bara na Kisiwa cha Booth, yenye kuta za mwamba na barafu pande zote mbili. Watalii wanaoletwa kwa meli huipiga picha sana hata wengine wameibandika jina la utani, Pengo la Kodak. Sijui ni wangapi kati yao wanaouliza Lemaire alikuwa nani.

Charles Lemaire alikuwa afisa wa Dola Huru ya Kongo, ile mali ya Léopold II. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa mkuu wa wilaya ya Équateur, upande wa Mbandaka ya leo. Kuanzia 1898 hadi 1900 aliongoza msafara wa kisayansi wa Katanga, akipima kwa nyota mahali pa mito, vilima na vituo. Baadaye alikuwa mtetezi mkubwa wa Kiesperanto nchini Ubelgiji, jambo ambalo wanafunzi wa isimu wataliona la ajabu kidogo: mtu aliyetaka wanadamu wote wawe na lugha moja isiyo ya taifa lolote, na jina lake mwenyewe limekaa kwenye ramani kama bendera. Hakuwamo melini na De Gerlache. Mwaka uleule ambao Belgica ilipita katika mlango ule, yeye alikuwa anaanza safari ya kuja huku kwetu.

Nilipoyapanga majina yangu hamsini kwa makundi tuliyofundishwa, karibu yote yaliangukia kundi la ukumbusho. Yanayosema neno lolote juu ya mahali penyewe ni machache. Mfano mzuri uko nje ya karatasi yangu, kaskazini kidogo: Kisiwa cha Deception, yaani cha udanganyifu, kilichoitwa hivyo na wawindaji wa sili kwa sababu ukikitazama kutoka baharini ni kisiwa kama vingine, lakini ndani ni pete iliyo wazi katikati, yenye bandari tulivu. Wawindaji walikuwa na haja ya jina la namna hiyo, maana walitafuta mahali pa kutia nanga. Msafara wa Belgica ulikuwa na haja nyingine. Ulikuwa na madeni: kwa waliotoa fedha, kwa maprofesa walioandika barua za kuunga mkono, kwa wafu wake wawili. Kwa hiyo ukiyasoma majina ya pwani ile kwa mfululizo hupati picha ya pwani. Unapata orodha ya watu waliohesabika Ubelgiji mwaka 1898, na ndiyo maana afisa wa Kongo yumo. Katika orodha ya namna hiyo, mwaka ule, asingekosekana.

Kitu kinapobadilika, jina likabaki

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanajua kwamba jina la mahali mara nyingi lina sehemu mbili. Moja ni jina la aina: mto, mlima, ghuba, kisiwa. Nyingine ni jina mahususi linalotofautisha mto huu na mito mingine. Tunapofundishwa hivyo huonekana kama jambo la kupita tu. Antaktika inalifanya kuwa swali zito, kwa sababu huko watu walitoa majina kabla ya kujua wanaita kitu gani.

Desemba 1928 Hubert Wilkins, Mwaustralia, aliruka kwa ndege kutoka Kisiwa cha Deception akafuata pwani ya mashariki ya rasi. Lilikuwa jambo jipya kabisa kuchora nchi ya barafu kutoka hewani. Kutoka juu aliona mikanda mirefu myeupe, ya usawa, ikikata milima, akaamua kwamba ni milango ya bahari iliyoganda, na kwamba rasi ile kwa kweli ni mfululizo wa visiwa. Akaipa majina: Mlango wa Crane, Mlango wa Casey, na kadhalika. Nchi kavu moja iliyojitokeza akaiita Kisiwa cha Scripps. Kati ya 1934 na 1937 msafara wa Waingereza ulifika pale kwa miguu na kwa mbwa, ukagundua kwamba hakuna mlango hata mmoja. Ile mikanda ni barafuto, yaani mito ya barafu inayoteremka polepole kutoka milimani. Rasi ni rasi.

Sasa, jina lifanyweje? Mtu angedhani kwamba kosa likigunduliwa jina linafutwa, maana kitu kilichoitwa hivyo hakipo. Haikuwa hivyo. Mlango wa Crane ukawa Barafuto ya Crane, Mlango wa Casey ukawa Barafuto ya Casey, na Kisiwa cha Scripps kikawa Miinuko ya Scripps. Jina la aina lilitupwa, jina mahususi likabaki mahali pake kama mpangaji ambaye nyumba imejengwa upya juu yake.

John Stuart Mill alilieleza jambo hili mwaka 1843 kwa mfano wa mji wa Dartmouth, ambao jina lake linasema uko kwenye mdomo wa mto Dart. Mchanga ukiziba mdomo ule, au mto ukihama, anasema Mill, hakuna sababu ya jina la mji kubadilika, kwa kuwa jina halikufungwa na sifa ya kitu bali na kitu chenyewe. Mfano wa Mill ulikuwa wa kubuni. Wa Wilkins ulitokea, na ni mkali zaidi, kwa sababu mdomo wa mto uliwahi kuwapo walau siku moja, lakini Mlango wa Crane haukuwapo hata siku moja. Watu waliokuja baadaye walikubaliana kwamba Wilkins alielekeza kidole mahali fulani, na kidole hicho kilitosha, hata kama alichosema alipokuwa anaelekeza kilikuwa si kweli.

Hapa Kiswahili kina la kuongeza ambalo Kiingereza hakina. Katika lugha hiyo unabadilisha neno moja na karibu sentensi nyingine yote inabaki. Kwetu jina la aina ndilo linalotawala upatanisho. *Mlango wa Crane umechorwa. Barafuto ya Crane imechorwa. Miinuko ya Scripps imechorwa, kisiwa cha Scripps kimechorwa.* Ngeli inatulazimisha kuamua kitu ni nini kabla hatujaweza kusema lolote juu yake. Jina mahususi likisimama peke yake, tunatafuta mlango mwingine: tunasema *Lubumbashi imekua* au *Lubumbashi pamechangamka*, na hakuna anayeuliza kama tunafikiria mji, kata au ule mto ulioupa mji jina. Nadhani hapa kuna mada ya tasnifu kwa mwenye subira: upatanisho wa majina ya mahali yasiyo na jina la aina, katika Kiswahili sanifu na katika Kiswahili cha hapa Lubumbashi, ambacho kina njia zake za kupunguza ngeli. Mimi sina subira hiyo, ninaitoa bure.

Kisiwa kimoja, majina matatu

Nilisema nilitegemea bara lisilo na ugomvi. Nikafungua ramani ya Visiwa vya Shetland Kusini. Kisiwa kikubwa kuliko vyote pale kinaitwa King George katika ramani za Waingereza, kwa heshima ya mfalme wao. Wachile wanakiita Rey Jorge, ambayo ni tafsiri tu. Waargentina wanakiita 25 de Mayo, siku ya mapinduzi yao ya 1810. Warusi wana jina Waterloo, lililotolewa na msafara wa Bellingshausen mwaka 1821, wakati ambapo vita dhidi ya Napoleon vilikuwa bado habari mpya. Leo juu ya kisiwa hicho kuna vituo vya utafiti vya Urusi, Chile, Argentina, China, Brazil, Korea Kusini, Uruguay na Poland, watu wanatembeleana kwa magari ya theluji, na kila mmoja anaishi kwenye kisiwa chenye jina lake.

Rasi yenyewe ilikuwa hivyohivyo. Waingereza waliiita Graham, jina la waziri wao wa mambo ya majini. Wamarekani waliiita Palmer, jina la mwindaji wao wa sili. Kwa Wachile ni Nchi ya O'Higgins, kwa Waargentina Nchi ya San Martín, wote wawili mashujaa wa ukombozi. Mwaka 1964 Waingereza na Wamarekani walipatana: yote iitwe Rasi ya Antaktika, sehemu ya kaskazini iwe Graham, ya kusini iwe Palmer. Wachile na Waargentina hawakubadilisha kitu.

Ili kuelewa kwa nini watu wazima wanagombania jina la mahali ambapo hakuna mtu wa kuliitikia, lazima tutazame Mkataba wa Antaktika. Ulitiwa sahihi Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12, na kutoka Afrika ilikuwamo Afrika Kusini peke yake. Nchi saba zinadai vipande vya bara hilo, na madai ya Uingereza, Chile na Argentina yanapandana juu ya rasi hiihii. Kifungu cha nne cha mkataba hakifuti madai hayo wala hakiyakubali. Kinayagandisha yalivyo, na kusema kwamba lolote litakalofanywa baadaye halitahesabiwa kuwa msingi wa dai. Bendera, basi, hazina tena maana ya kisheria. Lakini hakuna aliyekatazwa kutoa majina, na majina yakaendelea kumiminika. Kamati ya majina ya Waingereza, iliyoundwa mwaka 1945, ilipokosa watu wa kuwakumbuka ilianza kutumia mada nzimanzima: Kisiwa cha Alexander kikajaa watunzi wa muziki kama Mozart na Beethoven, Kisiwa cha Brabant kikapata waganga mashuhuri kama Hippocrates na Lister juu ya majina ya Wabelgiji, na upande wa mashariki wa rasi kuna barafuto zenye majina ya mabaharia wa hadithi ya Moby-Dick. Kamati ya Wamarekani nayo ina kanuni kwamba majina ya bidhaa, ya mbwa wa kuvuta sleji na ya wanyama wa kufugwa hayakubaliki kamwe. Kanuni nzuri, lakini ilichelewa: ghuba ambayo Wilkins aliiita kwa jina la mafuta ya injini, Mobiloil, bado iko kwenye ramani.

Nani anaamua, basi? Hakuna. Tangu 1992 Kamati ya Kisayansi ya Utafiti wa Antaktika imekuwa ikikusanya orodha moja ya majina yote yaliyotolewa na kamati za nchi mbalimbali. Ina majina zaidi ya 35,000, na vitu vinavyoitwa ni karibu nusu tu ya hesabu hiyo. Orodha haichagui. King George, Rey Jorge, 25 de Mayo na Waterloo yanakaa pamoja, kila moja na nchi yake na maelezo yake, yakiunganishwa na namba moja. Wanaomba tu kwamba kitu chenye jina tayari kisipewe jingine jipya.

Mwanzoni niliona huo ni udhaifu. Sasa naona ni kitu ambacho ramani zetu hazina. Ziwa tunaloliandika Moero, wenzetu wa Zambia wanaliandika Mweru. Ni jina moja lililopita katika tahajia mbili za wakoloni wawili, na kila upande unafundisha watoto kwamba upande wa pili umekosea. Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi, Stanleyville Kisangani, Coquilhatville Mbandaka. Ilikuwa haki. Lakini daftari letu lilikuwa na mstari mmoja tu kwa kila mahali, kwa hiyo kuandika jina moja kulikuwa kulifuta lingine, na mwanafunzi wa leo anayesoma barua ya mwaka 1920 anahangaika kujua barua inazungumzia wapi. (Kwa wanaopenda mambo ya bahati: kituo cha Ubelgiji huko Antaktika, kilichofunguliwa 2009, kinaitwa Princess Elisabeth. Binti huyo ni mjukuu wa mjukuu wa malkia ambaye mji wetu ulibeba jina lake.)

Herufi za Kibulgaria

Kuna mfano mmoja ambao ningependa wahadhiri wetu wa tahajia wautazame. Bulgaria ni nchi ndogo, haina dai lolote Antaktika, ila ina kituo kwenye Kisiwa cha Livingston na tume ya majina iliyoundwa mwaka 1994. Tume hiyo imetoa majina mengi mno ukilinganisha na ukubwa wa nchi: vijiji, wafalme, mito, hata Tangra, mungu wa Wabulgari wa kale, ambaye sasa ni safu ya milima.

Tatizo lao lilikuwa kwamba wanaandika kwa alfabeti ya Kisirili, na majina ya Antaktika lazima yaandikwe pia kwa herufi za Kirumi. Nyumbani kulikuwa na mifumo kadhaa ya kubadilisha herufi, hakuna uliotosheleza. Mwaka 1995 tume ikatengeneza wake, mwepesi, usio na alama za juu ya herufi, kwa ajili ya barafu tu. Ulifaa. Watu wakaanza kuutumia nyumbani. Mwaka 2009 ukawa sheria ya nchi nzima, na mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ukaukubali. Leo majina ya barabara na ya watu katika pasi za kusafiria za Bulgaria yanaandikwa kwa mfumo uliobuniwa kwa ajili ya vilele ambavyo hakuna anayeishi.

Walifanikiwa huko kwa sababu hakukuwa na mazoea ya zamani ya kupingana nayo. Sisi hatuna mahali patupu pa kufanyia majaribio. Kila tukigusa herufi moja ya jina la kijiji, tunagusa chifu, kanisa, cheti cha kuzaliwa na kibao cha barabarani.

Upande wa kaskazini kuna watu

Haifai kuzungumza juu ya ncha za dunia kana kwamba zote mbili ni tupu. Kaskazini, Wainuit wamekaa kwa karne nyingi, na majina yao ni ya namna nyingine kabisa. Mji wa Kanada uliokuwa Frobisher Bay, jina la nahodha Mwingereza, ulirudi kuwa Iqaluit mwaka 1987: mahali pa samaki wengi. Godthåb ya Greenland ni Nuuk, yaani ncha ya nchi. Kijiji kilichoitwa Holman kikawa Ulukhaktok mwaka 2006, mahali panapopatikana mawe ya kutengenezea *ulu*, kisu cha wanawake. Jina linakuambia utakula nini na utakatia nini. Ukilisahau, unapotea au unalala njaa.

Jambo la kuchekesha ni kwamba neno moja la watu hao limevuka dunia yote hadi kusini. Kilele cha mwamba kinachochomoza juu ya barafu huitwa *nunatak*, neno la Kigreenland, na leo limeandikwa mamia ya mara kwenye ramani ya Antaktika, mahali ambapo hakuna Mwinuit aliyewahi kuwinda. Majina mahususi ya kule yakatolewa na wageni. Jina la aina likaazimwa kutoka kwa wenyeji wa upande wa pili wa dunia, kwa kuwa wao ndio waliokuwa nalo.

Tukitaka kuandika jiografia ya ncha kwa Kiswahili, tutaazima vivyo hivyo. *Nunataki* sioni ubaya wake. *Barafuto* tunayo, ni neno zuri lililoungwa kwa *barafu* na *mto*, ingawa wanafunzi wengi niliowauliza hawalijui, na wakati nchi yetu ina barafuto zake huko Rwenzori. Kilele cha juu pale, mita 5,109, kinaitwa Margherita, jina la malkia wa Italia, lililotolewa mwaka 1906 na Mtawala wa Abruzzi, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameongoza msafara wa Aktiki. Alikuja kwenye mlima wetu na desturi ya nchi tupu. Wakonjo walioishi chini yake walikuwa na jina lao, Rwenzururu.

Shida kubwa zaidi ni *rasi*. Kiswahili kinaitumia kwa ncha ndogo ya nchi inayoingia baharini na kwa mkono mzima wa bara. Katika zoezi langu ilinibidi niandike kwamba Rasi Renard iko kwenye Rasi ya Antaktika, ambayo ni sawa na kusema pua iko kwenye pua. Sikupata suluhisho. Mwalimu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: «Na wewe pendekeza.»

Kilima

Mwaka 2002, katika wiki chache, bamba la barafu lililoelea upande wa mashariki wa rasi, Larsen B, lilivunjika vipandevipande, zaidi ya kilometa za mraba 3,000. Lilibeba jina la nahodha wa Kinorwe aliyepita pale mwaka 1893. Jina bado linatumika. Wanasayansi wanaandika «Larsen B» kila siku, wakimaanisha mahali ambapo Larsen B ilikuwa. Barafuto ya Crane, ile ya Wilkins, ilikuwa inamwagika humo. Bamba lilipoondoka, barafuto iliongeza mwendo, mdomo wake ukarudi nyuma, na bahari ikaingia ndani ya bonde. Wilkins aliona maji ambayo hayakuwapo, na miaka zaidi ya sabini baadaye maji yakaanza kuja.

Nilipokuwa nasoma habari hiyo nilikumbuka kilima cha upande wa mama yangu. Nkambo wangu alikuwa na jina lake, lenye maana ya mahali pa kutua mzigo, kwa sababu wanawake waliotoka mashambani walipumzika pale kabla ya kushuka mtoni. Kilima hicho hakipo tena. Kampuni moja ilikichimba, na katika ramani yake, ambayo niliionyeshwa siku moja tu, pale pana herufi mbili na namba. Lakini dereva wa basi dogo akikaribia hapo bado anaita lile jina la mzigo, abiria wanaitikia, wanashuka.

Likizo iliyopita nilikaa na nkambo siku mbili, tukatembea naye kwa mdomo tu, yeye akiwa amekaa kwenye kiti, kutoka nyumbani hadi mtoni na kurudi. Alitaja kijito baada ya kijito, mti, jiwe, mahali ambapo mtu fulani aliumwa na nyoka. Niliandika katika daftari lenye safu nne: jina, aina, maana, hali ya sasa. Nilipofika kwenye kilima, katika safu ya aina niliandika «kilima», nikafuta, nikaandika «shimo». Nkambo aliniuliza ninafuta nini. Nikamweleza. Akasema niandike yote mawili, karatasi ina nafasi.